KIBALI CHA SENEMA: NI HAKI AU NI FADHILA?



Si ada ya ukurasa huu kuvuka bahari na kwenda mbali kiasi cha Tunduma. Mambo ya visiwani yanatutosha, na karatasi yetu ni fupi. Lakini ziko khabari ambazo mtu huziona vizuri zaidi akizitazama kwa jirani, kwani za nyumbani zimemkaa karibu mno na macho. Khabari ya vibali vya kupiga senema ni moja katika hizo. Twataka leo kuieleza kwa kuutazama mji mmoja wa mpakani, kisha turejee hapa petu tujipime wenyewe.

Tunduma si mji mgeni kwa watu wa visiwani. Wapemba na Waunguja wamefika huko na maduka yao, kama walivyofika kila penye njia panda na watu wenye haja ya kununua. Mji huo uko katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu ni Vwawa. Upande wa pili wa mpaka uko mji wa Nakonde, katika nchi ya Zambia, na watu wa miji hiyo miwili huoana, huuziana na huzikana kama watu wa mtaa mmoja. Wanyamwanga wako huku na wako kule. Mstari wa mpaka umepita katikati ya ukoo wao bila ya kuwauliza. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni barabarani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, yapita hapo hapo. Ukitoka kidogo kwenda Mbozi utakikuta kimondo, jiwe la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ambalo khabari zake zilienea nje mwaka 1930, ingawa wenyeji walilijua zamani. Kuna mashamba ya kahawa ya Mbozi, kuna milima ya Ileje na mpaka wa Malawi, kuna bonde la Ziwa Rukwa.

Mahali kama hapo pana hadithi elfu. Wazee wetu wamesema penye miti hapana wajenzi. Na sisi twauliza, je, wajenzi hawapo kweli, au wapo na wamezuiliwa kuingia msituni?

Natupige mfano. Vijana watatu wa Tunduma wana kamera moja, wana hadithi waliyoiandika wenyewe, na wana hamu. Hadithi yao ni ya binti muuza mchele ambaye baba yake yuko Tunduma na mama yake yuko Nakonde. Wataka kuipiga senema waiuze, wapate riziki ya halali. Hawataki msaada wa serikali. Hawataki mkopo. Wataka ruhusa tu ya kufanya kazi.

Mlango wa kwanza ni wa Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, ambayo ni sheria ya Bara, kwa maana yake yasema kwamba mtu hana ruhusa ya kutengeneza, wala kushiriki, wala kusaidia kutengeneza senema ya kuonyeshwa watu au ya kuuzwa, ila awe na kibali. Na mwenye kuomba kibali hutakiwa aeleze mandhari zote na alete maneno yote yatakayosemwa. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Hata kama karatasi zapelekwa kwa mtandao, jicho litakalozisoma haliijui njia ya kwenda sokoni Tunduma, wala halijui Kinyamwanga, ambacho yule mama wa Nakonde atamsemesha nacho mwanawe.

Mlango wa pili ni wa halmashauri ya mji, kwa kuwa barabara na soko ni vyake. Mlango wa tatu ni wa polisi na wakuu wa usalama, kwa kuwa hapo ni mpakani. Mlango wa nne ni wa forodha na uhamiaji, ikiwa kamera italielekea geti. Mlango wa tano ni wa reli, na reli ile ni mali ya serikali mbili. Wakitaka kukionyesha kimondo, kimondo nacho kina wenyewe wanaokisimamia. Na hadithi ikimpeleka binti kwa mama yake, hatua chache tu kwa miguu, wameingia katika nchi nyengine yenye sheria nyengine, na hodi yaanza upya.

Kila mmoja wa wakubwa hawa, ukimchukua peke yake, ana hoja. Hatumlaumu mkuu wa forodha kwa kutopenda kamera kwenye geti lake. Lakini mtu hapimi uzito wa mzigo kwa kuutazama ukuti mmoja mmoja. Vijana wetu watatu wamebeba mzigo wote kichwani, na kabla hawajapiga picha moja wamekwisha kula nauli, siku na moyo wao. Si ajabu basi senema nyingi za Kiswahili zimepigwa ndani ya nyumba, penye kochi, pazia na meza ya kioo. Sababu ziko nyingi, na uchache wa fedha ndio wa mwanzo. Lakini sebule ina jambo moja zuri kwa mwenye kamera: mwenyewe ni mmoja, na akishakubali, amekubali.

Sasa sisi ni watu wa duka, na twalijua neno leseni. Huko Bara leseni za biashara zina sheria yake, Na. 25 ya mwaka 1972, na zile za biashara ndogo hutolewa na halmashauri. Hatusemi kwamba leseni ni tamu. Hakuna mwenye duka aliyewahi kuilipia akicheka. Lakini leseni ina adabu yake. Bei yake yajulikana kabla hujatoka nyumbani. Masharti yake yameandikwa. Ukitimiza wapewa, na ukipewa una stakabadhi mkononi. Na juu ya yote, mwenye kutoa leseni hakuulizi kwamba kisu utakachouza kitakata nini, wala hakutaki uandike mapema maneno utakayosema na kila mteja kuanzia asubuhi hadi magharibi. Akupa ruhusa ya kuuza. Ukiuza kitu cha haramu au ukipunja mizani, sheria itakukamata kwa kosa ulilotenda.

Kibali cha senema kimekuwa kitu chengine. Chasomwa kwanza, chapimwa, chaonwa kama kinapendeza au hakipendezi, kisha mtu akubaliwa. Jambo la namna hii halina jina ila fadhila. Na tafauti baina ya haki na fadhila ni kubwa. Mwenye haki huja mchana, akasimama mbele ya meza, akasema: masharti haya, fedha hii, nipe changu. Mwenye kungojea fadhila huja jioni, akainamisha kichwa, akatafuta anayemjua mkubwa. Na penye kungojea bila ya siku maalumu, ndipo lizaliwapo lile neno la mkono mtupu haulambwi. Hatumtuhumu afisa yeyote. Twasema tu kwamba mlango usio na bei ukutani na usio na siku ya jawabu ni mlango unaomjaribu hata mtu mwema.

Huenda mtu akatuuliza: ada hii imetoka wapi? Imetoka mbali. Zamani za Waingereza, baina ya mwaka 1935 na 1937, ulifanywa mradi wa senema za kuwafunza Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na lori lake likazungusha senema hizo katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba mwenyeji ni kama mtoto: huchaguliwa aonyeshwe nini, na huchaguliwa aonekane vipi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikapigwa Tanganyika senema za Kiswahili kama vile Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mashuhuri alikuwa Rashidi Kawawa, kijana mtumishi wa serikali. Kijana huyo akaja kuwa Waziri Mkuu, na sheria ya mwaka 1976 ilitungwa akiwa katika kiti hicho. Twalitaja hili kwa mazingatio, si kwa kejeli. Wakubwa walibadilika, bendera ikabadilika, na aliyekuwa mbele ya kamera akawa miongoni mwa watawala. Lakini ile fikra ya kwamba maneno yasomwe kwanza na mkubwa haikubadilika. Hata Kenya, sheria yake iliyoanza kutumika mwaka 1963 ilitaka vivyo hivyo maelezo ya mandhari na maneno yote. Nguo hizo zilikatwa kwa mkasi mmoja.

Hapa twamsikia msomaji wetu mwenye hekima akisema: Je, mwataka kila mtu aje na kamera yake akatutie aibu? Hamkumbuki ile senema ya sangara?

Twaikumbuka, na ni hoja nzito inayostahiki jawabu. Senema hiyo, Darwin's Nightmare, ilitoka mwaka 2004, na aliyeitengeneza ni Hubert Sauper wa Austria. Ilihusu sangara wa Ziwa Viktoria, ufukara wa watu wa Mwanza na ndege za mizigo, na ikasifiwa sana Ulaya. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba imeipaka nchi matope. Hatutaki hapa kuhukumu kama senema ile ilisema kweli au ilizidisha. Twataka kuuliza jambo moja tu: kibali kilizuia nini? Sheria ya mwaka 1976 ilikuwapo miaka yote ile. Na mtengenezaji mwenyewe alikwisha kueleza kwamba yeye na mwenzake ilibidi wajifanye watu wengine, mara marubani, mara wapakiaji mizigo, ili wapite. Mwenye nia ya kupita kwa mlango wa nyuma hazuiliwi na kibali. Akapiga picha zake, akapanda ndege, akaenda zake kupokea zawadi. Misukosuko ikawabakia wenyeji. Mwandishi mmoja wa khabari wa Kitanzania aliyeonekana ndani ya senema ile alikamatwa na kutishwa kufukuzwa nchini.

Basi tazameni mizani ilivyo. Kamba ndefu ya vibali haikumfunga mgeni mwerevu. Imemfunga kijana mwaminifu wa Tunduma, ambaye hana pa kukimbilia, anajulikana kwa jina la babake, na akikosea atapatikana nyumbani kwao. Mlango wa mbele umewekewa makufuli saba, na ukuta wa nyuma una tundu la kupita ng'ombe.

Serikali ya Bara iliona jambo hilo kwa namna yake. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa, ikawekwa sharti kwamba mgeni anayeifanya nchi kuwa mahali pa kupigia senema aikabidhi Bodi picha zake zote ghafi, pamoja na nakala ya senema ikishakamilika. Twafahamu nia yake. Lakini sharti hilo lamlinda nani? Laipa serikali picha. Yule mvuvi, yule mama ntilie, yule mtoto aliyelala barabarani, hawapi kitu. Hakuna aliyemrudia kumwuliza kama aliridhia uso wake uzungushwe dunia nzima.

Na hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha maneno yetu. Sote tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema adabu ya kubisha hodi. Huingii nyumba ya mtu mpaka ubishe hodi, na ukiambiwa rudi, unarudi. Lakini hodi huulizwa nani? Huulizwa mwenye nyumba. Haulizwi mtu wa mtaa wa tatu aliye na cheo. Na mwenye nyumba akiitikia, hakutaki umweleze kwanza kila neno utakalosema ukishaketi. Kibali cha senema, kikiwa na maana, maana yake ni hodi. Kwa hivyo kiulizwe pale pale inapopigwa senema, kiitikiwe na watu wa pale, na kimlinde mwenye uso, mwenye nyumba na mwenye shamba. Hivi leo kibali kimegeuka: chaulizwa mbali, chaitikiwa na wasiohusika, na kinacholindwa kwanza ni sura ya dola.

Watu wa pale ni nani? Bara wana sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982: Na. 7 ya wilaya, Na. 8 ya miji, na Na. 9 ya fedha zake. Tunduma ina halmashauri yake ya mji. Katika halmashauri kuna madiwani, na diwani ni mtu anayekutana na wapiga kura wake msikitini, kanisani, sokoni na matangani. Akikataa jambo kwa choyo ataulizwa, na akiruhusu jambo la aibu ataulizwa. Kuna afisa utamaduni. Tena ile ile sheria ya mwaka 1976 haikusahau mikoa na wilaya. Imezitaja bodi zao pia. Vyombo, basi, vipo. Kilichokosekana ni kuvipa neno la mwisho.

Msitwambie kwamba haiwezekani kukusanya milango mingi ikawa mmoja. Imewezekana, na mahali ilipowezekana ni Tunduma yenyewe! Hapo mpakani kilifunguliwa mwaka 2019 kituo cha huduma kwa pamoja baina ya Tanzania na Zambia, Marais John Magufuli na Edgar Lungu wakiwapo. Zamani dereva alisimama upande huu akamaliza, kisha akasimama upande ule akaanza tena. Dola mbili zikakaa, zikaona kwamba lori likikawia biashara hufa, zikakubali kazi ya nchi mbili ifanywe mahali pamoja. Ikiwa dola mbili zenye bendera mbili zimeweza kukaa meza moja kwa ajili ya lori la shaba, je, halmashauri, Bodi, polisi na reli haziwezi kukaa meza moja kwa ajili ya kamera ya kijana? Shaba ni mali ya watu wa mbali inayopita njia. Hadithi ni mali ya Tunduma wenyewe.

Wala msitwambie kwamba serikali haina njia ya kufungua milango kwa haraka. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alishiriki katika kupigwa senema ya kuitangaza nchi, The Royal Tour, akiwa pamoja na mtangazaji wa Kimarekani, Peter Greenberg, na mwaka 2022 ikazinduliwa New York. Bara na visiwani kamera zilipita. Hatuna ugomvi na jambo hilo. Nchi hutangazwa, na wageni huleta riziki. Twasema tu kwamba dola ikitaka, milango hufunguka. Kwa hivyo mlango ukifungwa, tusiambiwe kwamba bawaba zimeshika kutu.

Hata hivyo, mtu wa duka hasifu bidhaa bila ya kutaja kasoro yake. Halmashauri nazo zina njaa ya mapato. Ukiwapa madiwani kibali cha senema bila ya masharti, huenda wakaona ng'ombe mpya wa kukamuliwa: wakaongeza ushuru wao juu ya ada ya Bodi, na mtaa nao ukadai wake. Hapo tutakuwa tumeongeza mlango badala ya kuupunguza. Aidha, si kila diwani ni mpenzi wa ukweli. Yuko atakayekataa kwa kuwa katika hadithi mna diwani mla rushwa. Kwa sababu hizo twapendekeza mambo yafuatayo kwa pamoja, kwani moja likiachwa mengine hayatasimama.

Kwanza, mlango uwe mmoja, nao uwe halmashauri ya pale inapopigwa senema. Halmashauri ndiyo ichukue ombi na kulipitisha kwa polisi, kwa reli na kwa wengineo. Mwombaji asitumwe kama tarishi kati ya afisi na afisi.

Pili, bei iwe moja, ibandikwe ukutani, na stakabadhi itolewe. Kijana mwenye kamera moja asipimwe kwa pishi ya shirika la kigeni lenye magari ishirini. Ada ikikusanywa, ijulikane sehemu ipi ni ya halmashauri na ipi ni ya Bodi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, siku za jawabu ziwekwe katika sheria. Zikipita bila ya jawabu, mwombaji ahesabiwe amekubaliwa. Kwa mwari kimya huhesabiwa ridhaa. Kwa nini kimya cha afisi kihesabiwe katazo?

Nne, badala ya kusoma maneno yote kabla hayajasemwa, afisi iulize mambo yanayowahusu wenyeji: mtapiga wapi, siku gani, mtafunga njia ipi, mtatumia moto au silaha za mchezo, watoto wapo, na je, wale mtakaowaonyesha nyuso zao na nyumba zao wameridhia kwa maandishi na kwa lugha wanayoifahamu? Mtu asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Kuna sheria za matusi, za kashfa na za kulinda watoto. Atakayezivunja ashitakiwe kwa alilolitenda.

Tano, atakayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, na awe na pa kukata rufaa. Hapo ndipo ifaapo Bodi ya taifa: iwe mahakama ya kumsikiliza aliyedhulumiwa na halmashauri yake. Kuwa bawabu wa kila uchochoro wa nchi si kazi yake.

Na sasa turejee kwetu, kama tulivyoahidi.

Mambo ya filamu hayamo katika mambo ya Muungano. Sisi tuna sheria yetu, Na. 7 ya mwaka 2015, iliyounda Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kibali cha Bara hakifungui mlango wa visiwani, na cha visiwani hakifungui mlango wa Bara. Hilo halitusumbui, kila nyumba na hodi yake. Linalotusumbua ni kwamba sisi, tuliozoea kusema kwamba mambo yetu yaamuliwe hapa hapa, tumeridhika na kuamuliwa Mjini. Kijana wa Micheweni na wa Makunduchi naye ana hadithi yake. Mbali na karibu haipimwi kwa kilomita peke yake. Kwa mtu asiye na nauli wala jamaa mwenye cheo, Mjini ni mbali kama Dar es Salaam ilivyo mbali na Tunduma. Tukidai hodi iulizwe kwa mwenye nyumba, tuidai hata pale mwenye kuulizwa atakapokuwa si sisi.

Nasi si watu wa kufunzwa kupenda senema. Mzee yeyote wa Mjini atawatajia Majestic, Empire na Sultana, na atawahadithia senema za Kihindi na za Kimisri ambazo watu walizililia pasi na kufahamu neno. Tulikaa gizani tukazitazama nyuso za wengine miaka na miaka. Tangu mwaka 1998 tuna tamasha la kimataifa la filamu, na wageni waja kutoka pande zote za dunia. Mwaka 2021 ilitoka senema ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, mwana wa visiwa hivi, ikiongozwa na Amil Shivji. Ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, na wageni wakaiona Unguja ya miaka ya 1950 kwa lugha yetu. Tulifurahi, na ilistahiki. Lakini senema moja nzuri haifanyi soko. Soko hufanywa na mia ndogo ndogo: kumi mbovu, hamsini za wastani, thelathini njema, na kumi zitakazowashinda wajukuu kuzisahau. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwacheni mnunuzi achague. Ndiyo kazi yake, na aijua.

Lipo la mwisho ambalo twaomba lisisahauliwe. Hadithi isiyosimuliwa na wenyewe haibaki kimya; husimuliwa na wengine. Ikiwa mtoto wa Tunduma amezuiliwa kuonyesha mji wake, haina maana kwamba Tunduma haitaonyeshwa. Itaonyeshwa na mpita njia, dakika mbili, foleni ya malori na vumbi, kisha basi. Yule binti muuza mchele mwenye baba huku na mama kule hatakuwamo, kwa kuwa mpita njia hakumjua. Na hali ni ile ile kwa Pemba, ambayo wageni huionyesha kwa karafuu na kwa bahari, kana kwamba haina watu. Huo ndio mzigo unaolipwa na nchi kwa kila kibali kilichokaa mezani bila ya jawabu, wala hauandikwi katika hesabu za serikali yoyote.

Basi ndugu zetu, twawaomba mambo mawili. Mwenye diwani amwulize, mkutanoni na kwa heshima, kama bei ya kibali cha senema imebandikwa wapi na jawabu hutoka baada ya siku ngapi. Na mwenye kijana nyumbani aliyeshika kamera asimwambie aache upuuzi. Amwambie abishe hodi kwa wale atakaowapiga picha, awaheshimu, kisha adai kibali chake kwa mdomo wazi, kama sisi tudaivyo leseni zetu za duka. Mcheza kwao hutunzwa. Haikusemwa kwamba mcheza kwao huombeleza.